Tairi gani la baiskeli ya mbio linastahimili pancha kwa mazoezi ya kila siku?

MpandaAlfajiri

Wakuu, habari za muda huu.

Naombeni mawazo ya wazoefu. Naendesha baiskeli ya mbio ya alumini, breki za rimu, matairi ya upana wa milimita 23 yale yale iliyokuja nayo. Natoka alfajiri kabla ya kazi. Lami ni ya kawaida tu: kuna kipande kizuri, kuna kilichomeguka, na pembezoni kumejaa kila uchafu unaosukumwa na magari. Sishindani na mtu. Nataka nizunguke, nirudi, nioge, niende kazini, siyo kuchuchumaa kando ya barabara na mikono myeusi nikitafuta tundu kwa tochi ya simu.

Pancha zinaniandama, na karibu zote ni gurudumu la nyuma. Tundu lenyewe ni la sindano. Usipoizamisha tyubu kwenye beseni hulioni. Naziba, natembea siku mbili tatu, upepo umeisha tena. Presha naweka 120 psi, tairi linakuwa gumu kama jiwe, kwa hiyo sidhani tatizo ni upepo mdogo.

Kusoma nako kumenichanganya kabisa. Huyu anasema Gatorskin, yule anasema GP5000 inatosha, mwingine anasema funga Marathon Plus usahau habari za pancha. Halafu kuna hii TPI: ikiwa kubwa ndiyo tairi linakuwa imara, au ndiyo linakuwa laini? Na baiskeli ya breki za rimu inaweza kuvaa tairi nene kuliko 23?

Uzito wangu kilo 72, kama unasaidia. Nawasilisha.

Spoki32

Marathon Plus, mkuu. Unafunga, unasahau. Ukitobolewa na hilo ujue umepita juu ya msumari wa reli.

MamaGia

Mkuu MpandaAlfajiri, kabla hujatoa hela, lifungue hilo tairi la nyuma. Pancha ya tundu la sindano inayorudi baada ya siku mbili, gurudumu lile lile, mara nyingi siyo pancha mpya. Ni kile kilichokutoboa mwanzo, bado kimo ndani ya mpira. Mimi naweka dau kwa waya. Ndani ya matairi ya magari mna mikanda ya nyuzi za chuma. Tairi la lori likipasuka zinamwagika pembezoni, hapo hapo tunapopita sisi. Kijiwaya kinazama kwenye mpira mpaka kinapotea. Kwa nje huoni kitu, kwa ndani kimechungulia milimita moja tu, na tyubu ikijaa upepo kinaichoma taratibu.

Kukipata kuna utaratibu wake. Ukifunga tairi, siku zote panga maandishi yake yakae penye valvu. Ukishaona tundu kwenye tyubu, ilaze juu ya tairi, valvu penye maandishi, utajua ukague wapi badala ya kulizunguka lote. Kama hukumbuki tyubu ilikaa upande upi, kagua sehemu mbili, kulia na kushoto kwa valvu kwa umbali ule ule. Usipitishe kidole, utajikata. Pitisha pamba, itanasa. Hapo iliponasa ligeuze tairi ndani-nje, kivute na kibanio cha nyusi. Koleo kubwa linateleza tu.

Tundu nalo lisome. Likiwa upande wa tyubu unaogusa tairi, kitu kimetoka barabarani. Likiwa upande wa rimu, angalia utepe unaofunika matundu ya spoki, huenda umesogea. Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake ulipiga ukingo wa shimo na tyubu ikabanwa kwenye rimu, upepo ulikuwa mdogo. Hilo la utepe hakuna tairi duniani litakalolitibu, hata la Spoki32.

Kwa nini nyuma? Uzito wako mwingi uko huko, na mpira wa nyuma unaisha upesi kwa kuwa ndio unaosukuma. Liangalie umbo. Likiwa limepoteza uduara, juu limekuwa bapa, mpira uliobaki ni mwembamba na kila kioo kinapata njia. Matairi mengi ya mbio ya Continental yana vitundu viwili vidogo vya alama. Visipoonekana tena, tairi limekwisha. Ukiona nyuzi, lilikwisha zamani. Na ukinunua jipya liweke mbele, la mbele lihamie nyuma. Watu wanafanya kinyume kwa sababu la nyuma ndilo lililochakaa. La nyuma likiteleza unaweza kujiokoa. La mbele likiteleza uko chini kabla hujajua nini kimetokea.

Presha yako ni kubwa mno. Tairi lililojaa hivyo halibonyei, kwa hiyo kioo kikisimama mbele yake linajikandamiza juu yake badala ya kukizunguka. Tena linakutingisha mifupa na kukupunguzia kasi kwenye lami mbaya. Ile namba iliyoandikwa ubavuni ni mwisho wa kuruhusiwa, siyo maagizo. Kwa kilo zako, na tairi la 25 la tyubu, anzia 85 au 90 psi nyuma, mbele pungufu kidogo. Kwa 28 teremka mpaka 75 au 80 nyuma. Upime kwa geji, siyo kwa kubonyeza na kidole gumba.

Upana: chukua spana za L, uone ipi kubwa inapita kati ya tairi na breki, na kati ya tairi na fremu, nyuma ya kiti na chini karibu na pedali. Ukitoka 23 kwenda 25 tairi linapanda takriban milimita 2, kwenda 28 takriban 5. Baada ya kutoa hizo, ibaki nafasi ya milimita 3 au zaidi, maana kokoto ikinasa hapo inachora fremu. Breki nyingi za rimu zinapokea 25 bila shida, 28 inategemea. Kwenye tairi tafuta maandishi kama 25-622: hiyo 622 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita, na ndiyo lazima ilingane na rimu yako.

TPI ni idadi ya nyuzi za kitambaa cha tairi katika inchi moja. Nyuzi nyingi nyembamba, tairi jepesi, linabingirika vizuri, lakini ubavu wake unachanika upesi. Nyuzi chache nene, kinyume chake. Ila angalia hesabu ya wauzaji: GP5000 inaandikwa 330 kwa sababu wamejumlisha tabaka tatu za 110, na Gatorskin 180 ni tabaka tatu za 60. Mwingine anahesabu tabaka moja tu. Kulinganisha kampuni na kampuni kwa TPI ni kupoteza muda.

Linalokuhusu wewe ni mkanda wa kinga ulio chini ya mpira. Kuna njia mbili. Moja ni mpira mnene: Marathon Plus ina tabaka la milimita 5, lile la buluu. Kweli linazuia. Lakini tairi moja linazidi nusu kilo, ni kazi kulivalisha, na kwa baiskeli ya mbio utahisi kila kilima kimeongezwa urefu. Kwa mtu anayebeba mizigo kwenda kazini ningempa bila kufikiri. Kwako hapana.

Njia ya pili ni kitambaa kigumu. Gatorskin ina mkanda wa poliesta na wavu wa kulinda ubavu, na mpira wake unadumu. Wanaolitumia wanalisifu kwa umri wake, si kwa kona za lami iliyolowa. GP5000 ina mkanda wa Vectran, nyuzi zile zile zilizoshonea mifuko ya hewa ya chombo cha Pathfinder kilipotua Mirihi mwaka 1997, lakini ni tabaka moja, mpira mwembamba na ubavu mwepesi. Kati ya hayo mawili kuna Grand Prix 4-Season: tabaka mbili za Vectran, wavu ubavuni, na mpira uliochanganywa kwa ajili ya baridi na unyevu. Mimi kwa alfajiri yako ningechukua hilo. Usitafute lenye kashata, yale manundu ya juu ya mpira, kwenye lami hazikusaidii kitu.

Hewa_na_Silanti

Dada MamaGia kamaliza, ila nashangaa hajataja tubulesi. Hakuna tyubu, kuna maji ya silanti kama mililita 30 hadi 40 ndani ya tairi. Kijiwaya kikiingia, silanti inaziba tundu wewe unaendelea kukanyaga. Hata kubanwa kwa tyubu hakupo, tyubu yenyewe haipo. Mambo ya kuvaa ngao nene ni ya zamani.

MamaGia

@Hewa_na_Silanti sikuitaja kwa sababu ana rimu za zamani za tyubu. Tubulesi inataka rimu zake na tairi lake. Ukilazimisha, tairi linaweza kuruka kwenye rimu. Zaidi ya hapo silanti inakauka baada ya miezi michache, sehemu yenye joto mapema zaidi, na mwenye haraka ya kwenda kazini hakumbuki kuongeza. Kwenye tairi jembamba lenye presha kubwa, tundu likizidi kidogo silanti inatoka kwa kasi kabla haijaganda, unafika na mstari mweupe mgongoni.

Hewa_na_Silanti

Kwa presha ya 90 sawa, nakubali. Ndiyo maana tubulesi nzuri inaanzia 28 kupanda, upepo mdogo. Rimu nyingine zisizo na kulabu za kushika ukingo wa tairi hata haziruhusu kuvuka 5 bar, yaani 72 na kidogo psi. Lakini mtu akinunua magurudumu mapya leo, nasimama hapo hapo.

MpandaAlfajiri

Dada MamaGia, shukrani sana. Nimefungua jioni hii. Pamba imenasa mahali pamoja, na nilipogeuza tairi nikaona ncha inang'aa, hata nusu punje ya mchele haifiki. Nimeivuta kwa kibanio. Ila tairi lenyewe juu ni bapa kabisa na lina mikato kadhaa, mmoja ukiubonyeza unafunguka unaona kitambaa, kwa hiyo nabadilisha yote mawili.

Spana ya 6 inapita kwenye breki, ya 8 haipiti. Kwa hiyo 28 imeondoka, nachukua 25, hiyo ya tabaka mbili. Swali la mwisho: kuna ule mkanda wa plastiki wa kuweka kati ya tairi na tyubu. Niuongeze?

Spoki32

Nilivyokuwa nao mimi ulizuia miiba vizuri tu. Tatizo ni kuupanga, ukisogea pembeni haukusaidii.

MamaGia

Kusogea ni nusu ya tatizo. Zile ncha mbili zinapishana, na ukingo wake unaisugua tyubu mpaka unaitoboa wenyewe. Unafungua, hukuti mwiba wala waya, unaanza kumlaumu aliyekuuzia tyubu. Wenye tairi jepesi kwenye njia ya miiba wanauhitaji. Hao wazikate ncha kwa mkasi ziwe za mviringo na wazilainishe kwa msasa. Wewe ukiwa na tabaka mbili za Vectran utaongeza uzito na ugumu bure.

Hela hiyo nunua tyubu ya akiba na pampu ndogo ya fremu. Kinga yoyote haizuii mkato wa kioo kikubwa ubavuni, na hapo tyubu mpya itatokeza kwenye mpasuko ipasuke nayo. Kwa hiyo usilitupe tairi lako la zamani kabla hujakata kipande cha ubavu wake, urefu wa kidole, usichukue ule ukingo wenye waya. Kikunje na tyubu ya akiba kwenye kifuko cha kiti. Tairi likichanika unakiweka kwa ndani penye mpasuko, unajaza upepo nusu, unarudi polepole.