Juzuu limeandikwa Miles, ndani Miles hayumo. Hivi haya majina huwa wanachaguaje?

Fundi Saa: Wakuu habari za jioni. Ule mfululizo wa hadithi za kisayansi wa Vorkosigan wa Lois McMaster Bujold, wachapishaji Baen waliunganisha hadithi mbili tatu kuwa juzuu moja nene halafu karibu kila kava wakabandika jina la Miles, yule mhusika mkuu. Nimenunua Miles, Mutants and Microbes ya 2007, nafungua nakutana na riwaya ya Falling Free, mambo yake ni kama miaka 200 kabla huyo Miles hajazaliwa! Alafu hadithi ya Labyrinth iliyomo humo nilishaisoma kwenye Miles, Mystery and Mayhem kwahiyo nimeilipia mara mbili. Si bora wangeandika tu juzuu la 1, la 2, la 3?

Bi Mdogo: Namba za nini kaka? Barrayar imetoka 1991 lakini inaendelea palepale Shards of Honor ya 1986 ilipoishia, katikati kuna vitabu kibao, sasa utaanza kuhesabu wapi? Cordelia's Honor, juzuu lenye hizo mbili, ndo jina, riwaya zote mbili ni za Cordelia, mama yake Miles, na neno Honor limetoka kitabu cha kwanza, kwisha. Hizo za M tatu ni mbwembwe za sokoni, na kwa Kiswahili hata haziingii.

Jongoo: Haziingii kivipi? Miles, Mazimwi na Maradhi. Hiyo hapo, na chai sijamaliza.

Bi Mdogo: Zimwi linakula watu. Wale wa Falling Free ni watu wenye mikono minne bila miguu, wametengenezwa na kampuni wafanye kazi angani. Hata hilo jina mutants, yaani viumbe waliogeuka maumbile, wamesingiziwa.

Jongoo: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwahiyo sio kila zimwi ni tishio dada, soma methali.

Kaka wa Kisauni: Likakumaliza!! Likakwisha maana yake nini, zimwi linaisha lenyewe? Alafu Falling Free si ndo ilichukua tuzo ya Hugo?

Jongoo: Ilichukua Nebula, Hugo ni ya Barrayar. Na hapo ni li-ka-ku-isha, "ku" ni wewe unayeliwa. Shule ulienda kufuata uji?

Kaka wa Kisauni: Uji umeingiaje hapa? Mimi bibi yangu alikuwa anasema likakumaliza na Kiswahili alikizaliwa nacho, hakukisomea kama wewe.

Bi Mdogo: Bibi za watu mziache.

Mtu wa Gikomba: Maze mimi Miles in Love niliipata kwa meza ya mtumba nikadhani ni ya madereva wa trela, maili na mapenzi ya barabarani. Nimesoma kurasa hamsini nikingoja lori.

Fundi Saa: 😂😂 Si ndo ninachosema, jina linampoteza mtu.

Jongoo: Halijampoteza, amefika kurasa hamsini. Na kwa Kilatini miles ni askari, ndo maana Miles Errant imekaa vizuri vile, askari mzururaji. Hiyo namba yako ingempa nini?

Kaka wa Kisauni: Bado sijajibiwa kuhusu uji.

Fundi Saa: Basi jamani. Nauza moja kati ya zile mbili zenye Labyrinth, nani anataka?

Bi Mdogo: Nipe ile yenye Miles.

Fundi Saa: Kila moja ina hadithi tatu, Miles yumo kwenye mbili.