Tupeane uzoefu: Daktari wa meno alikueleza nini ukatamani ungejua mapema?

MamaPacha, Umoja
Wadau, hamjambo. Wengi wetu humwona daktari wa meno jino likishatukosesha usingizi, na hapo hakuna anayekumbuka kuuliza maswali. Ndiyo maana naanzisha mada hii.

Nikiwa mjamzito, fizi zilikuwa zinatoka damu kila nikipiga mswaki. Shangazi zangu walisema ni kawaida, kila mimba huondoka na jino, na wakanishauri nisiguse upande ule. Kliniki ya wajawazito wakanielekeza kwa daktari wa meno. Akanieleza kwamba homoni za mimba huzifanya fizi zivimbe haraka zikikutana na ukoga, kwa hiyo huo ndio wakati wa kupiga mswaki kwa bidii zaidi, na kusafishwa meno na daktari ukiwa mjamzito hakuna neno. Nilisafishwa, damu ikakata, na meno yangu yote ninayo. Ninyi je?

Gego la Sita
Nasomea udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Nairobi. Masomo ni miaka mitano, na ile ya mwisho tunatibu wagonjwa chini ya macho ya wahadhiri.

Mama mmoja alimleta binti yake wa gredi ya pili, gego la chini limetoboka. "Daktari, ling'oe tu, si ni la utoto, litaota lingine." Mhadhiri wangu hakubishana naye. Alimpa kioo kidogo, akamwomba ahesabu meno kuanzia katikati mbele kwenda nyuma. Akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. "Ya utoto yanaishia hapo, mama. Hili la sita ni la kudumu."

Mama akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa liliota lini? Mbona sikuona jino likitoka?" Kumbe hapo ndipo wazazi wengi wanapopitwa. Gego hilo huota mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, bila kuling'oa lolote. Mtoto hana pengo, mzazi hana habari. Tuliliziba. Tangu siku hiyo, mzazi yeyote akija na mtoto wa umri huo, kwanza nampa kioo ahesabu.

Mwalimu wa Kayole
Asante sana daktari wetu. Mimi nashika zamu ya uwanjani shuleni. Mtoto akianguka na jino la mbele la kudumu likatoka zima, lishike upande mweupe, usiguse mzizi wala usiusugue. Kama unaweza, lirudishe mahali pake hapo hapo, mtoto aume kitambaa. Huwezi, litie kwenye maziwa na ukimbie kwa daktari, ndani ya saa moja ikiwezekana. Pakiti ya maziwa ipo kila duka. Jino la utoto halirudishwi.

Mzaliwa wa Naivasha
Nakaa Rongai sasa. Meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Nilipohamia Nairobi, shuleni waliniita mchafu. Nilishauriwa mkaa, chumvi, hata majivu. Daktari wa meno ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba ni floraidi ya maji ya kisima, iliyoingia kwenye meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi. Hakuna mswaki unaoiondoa, na mkaa unalikwangua jino tu. Nililia kwenye kile kiti. Hakuwa amenigusa hata. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba aibu isiyo yangu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Mnaohamia mitaa ya visima huku pembeni mwa jiji, pelekeni maji yakapimwe mkiwa bado na watoto wachanga.

Baba Zawadi, Pipeline
Pole sana ndugu yangu. Sasa ina maana tuache dawa ya meno yenye floraidi? Na hao wanafunzi, mtu anaweza kwenda kwao bila wasiwasi?

Gego la Sita
Usiiache, baba. Ya dawa hufanya kazi juu ya jino kisha inatemwa. Shida ni ile inayomezwa kila siku. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, tia kiasi cha punje ya mchele. Wa mitatu hadi sita, punje ya njegere. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Na mswaki ushikwe na mzazi hadi mtoto afike miaka saba hivi, mkono wake mwenyewe bado haufiki magegoni.

Kuhusu sisi wanafunzi: karibu bila wasiwasi. Mhadhiri hukagua kila hatua kabla hatujaendelea na inayofuata, kwa hiyo tunachelewa. Usije siku ambayo una shughuli nyingine. Kula kwanza, njoo mapema, na ubebe majina ya dawa zote unazotumia, za presha na sukari hasa, tuzione kabla ya kukuchoma ganzi.