Mjadala: Land Rover la zamani lipigwe rangi kabla ya mnada, au liuzwe na rangi yake?

Mwangaluka wana Tabora, na ndugu zetu wa Kigoma mlio humu.

Kuna taasisi moja hapa mjini, jina naliacha, inataka kuuza kwa mnada wa hadhara Land Rover lake la zamani, Series II, lililokaa chini ya mwembe miaka mingi. Kamati imependekeza lipigwe msasa hadi bati lionekane, lizibwe kwa puti, kisha lipakwe rangi nyeupe ili livutie wanunuzi. Bajeti iliyo mezani ni milioni moja na laki mbili. Mimi napinga, na naomba tulizungumze hapa kwa sababu mali ni ya watu wote na kikao cha mwisho ni Alhamisi.

Wiki iliyopita niliomba ruhusa nikalitazame. Nilibeba ndoo mbili, sabuni ya maji na vipande vya fulana kuukuu. Vumbi letu lina mchanga. Ukilifuta likiwa kavu unaikwaruza rangi. Kwa hiyo nilimwaga maji kwanza likatiririka lenyewe, ndipo nikaanza kuosha, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kwenye mlango wa kushoto kijani kikaanza kuonekana. Nikaweka kampaundi laini kidogo, ile dawa ya kung'arishia rangi, kwenye pamba, nikasugua eneo la ukubwa wa kiganja. Pamba ikageuka kijani. Hapo nikajua ni rangi ya kizamani, isiyo na klia (ule utando wa rangi angavu) juu yake, maana yenye klia ukiisugua pamba hubaki nyeupe. Nilipozidi kusugua zikajitokeza herufi zilizoandikwa kwa brashi. Nikaona hadi pale mwandishi alipoishiwa rangi katikati ya herufi, akachovya tena na kuendelea. Nusu ya kwanza imepauka, nusu ya pili imekoza. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema, "Hili ndilo lililompeleka mama yangu hospitali."

Sasa hizo herufi ndizo zinazokwenda kupigwa msasa.

Wanaodhani mnunuzi hutafuta mng'ao tu, watazame minada mikubwa. Februari 2015, Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza Ferrari 250 GT California Spider ya 1961 iliyokutwa kwenye banda la shamba magharibi mwa Ufaransa, imefunikwa na marundo ya magazeti. Haikupigwa rangi wala haikung'arishwa. Iliingia mnadani na vumbi lake, ikauzwa zaidi ya euro milioni 16. Wanunuzi wa namna hiyo hutaka kuona kwamba hakuna mkono uliopita juu yake.

Semeni na ninyi.

DALALI, TABORA MJINI
Ndugu, Paris si Kanyenye. Nimegonga nyundo miaka mingi, nawajua watu wanaokuja. Wengi wao ni wa kubebea mbao, magunia na madumu ya asali. Mtu anazunguka gari mara moja, anapiga teke tairi, anatazama boneti. Likiwa limepauka anakata nusu ya bei kichwani kabla hujafungua mdomo. Taasisi inahitaji fedha, haifanyi makumbusho. Na hiyo uliyoitaja ni Ferrari.

MWANZISHA MADA
Dalali, nakuheshimu, na hilo la Ferrari nalikubali. Basi tuzungumzie Land Rover lenyewe. Januari 2018 kiwanda chake kilitangaza kwamba kimepata moja ya magari yaliyooneshwa Amsterdam mwaka 1948, siku Land Rover lilipozinduliwa. Kilisema kitalifufua, lakini ile rangi ya kijani ya 1948 kitaiacha na alama zake za uzee. Kiwanda ndicho chenye kila rangi na kila fundi, na bado kiliiacha.

Hao wabeba mbao unaowataja ndio watakaokuja kama tangazo litabandikwa mlangoni tu. Picha nzuri za mlango ule zikifika Arusha, Dar na Nairobi, kuna watu watapanda basi.

FUNDI BODI, ISEVYA
Mimi nakula kwa kazi hii, kwa hiyo nitasema wazi. Rangi si pambo peke yake, ni ngozi ya gari. Ukiiacha iliyochubuka, mvua za Novemba hadi Aprili zitamaliza bodi. Halafu unatunyima kazi vijana wa gereji kwa ajili ya herufi.

MWANZISHA MADA
Fundi, kwa gari la chuma ningekuunga mkono. Lakini bodi ya Land Rover hili ni aloi ya alumini, haili kutu kama bati la kawaida. Penye hatari ni chesisi, ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, na pale boliti za chuma zinapokutana na alumini, panapotoa unga mweupe. Hizo ndizo kazi zako, na nataka zilipwe kwa fedha ileile: chesisi ikwanguliwe, ipigwe praima na rangi nyeusi, breki zifufuliwe. Kazi utaipata, tena ya maana zaidi.

Kuna jambo jingine linalonikera kuliko herufi. Niliwahi kununua Peugeot 404 pikapu mnadani, mji mwingine. Mnakumbuka sifa ya gari hilo: Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Lilikuwa jeupe linang'aa kama sahani. Masika ya kwanza tu likaanza kutoa malengelenge chini ya milango. Nikafunga sumaku kwenye kitambaa nikaipitisha ubavuni. Juu ilinasa vizuri, nikishuka inalegea, na chini kabisa ikaanguka. Nilipochokonoa nikakuta puti nene kama kidole, na nyuma yake hakuna bati. Aliyeuza alijua. Rangi mpya ilikuwa kifuniko.

Na kwenye alumini sumaku hainasi popote, kwa hiyo mnunuzi wa Land Rover hili hana hata hicho kipimo cha maskini. Vipo vifaa vinavyopima unene wa rangi hata juu ya alumini, ila nani hapa mnadani anatembea nacho? Tukilipiga puti na rangi, tunamwuzia mtu asichoweza kukikagua.

MWALIMU MSTAAFU, UJIJI
Mwanangu, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, Liemba, imepakwa rangi mara ngapi? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaja Kigoma vipande vipande, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Injini za awali hazimo tena. Bado watoto wangu wanaijua kuwa ni Liemba. Kitu cha zamani hakifi kwa kupakwa rangi.

MWANZISHA MADA
Shikamoo mwalimu. Umenibana, kwa sababu meli ya chuma majini bila rangi haidumu, na sitaki kuonekana nachukia brashi. Ila nikukumbushe jambo unalolijua kuliko mimi: kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Ndiyo maana ilipoibuliwa bado zilifaa. Walikinga kilichopo. Mimi pia naomba tukinge.

MFUGANYUKI, SIKONGE
Mkinge kwa nta. Tunayo.

MWANZISHA MADA
Dada, asante, nilitaka kufika huko. Nta ya nyuki inafaa, ila isipakwe peke yake: inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na boneti likishinda kwenye jua letu nta hulainika na kunasa vumbi. Ndiyo sababu watengenezaji huichanganya na karnauba, nta ngumu ya mmea, inayovumilia nyuzi 80 na ushei. Ipakwe nyembamba, kivulini, boneti likiwa limepoa, kisha ifutwe kwa fulana safi. Na gari liondolewe chini ya mwembe leo hii. Utomvu na kinyesi cha ndege vimeshakula rangi ya paa kuliko jua.

MJUMBE WA KAMATI
Nimesoma yote. Swali langu ni moja. Tukikufuata, gari likauzwa bei ya chini, nani atajibu mbele ya wanachama?

MWANZISHA MADA
Ni swali la haki. Wekeni bei ya kuanzia. Isipofikiwa, gari lisiuzwe siku hiyo. Rangi nyeupe mnaweza kuipaka hata mwakani, lakini herufi zile zikishapigwa msasa hazirudi. Na kwenye tangazo andikeni kila kasoro: paa limeliwa, digadi la kulia limebonyea, kiti cha kati hakipo.

Kabla ya Alhamisi nendeni wajumbe wote mkautazame mlango wa kushoto. Sehemu niliyosafisha ni ya kiganja tu, chini ya kitasa. Nimewaachia walinzi kampaundi na pamba.

MJUMBE WA KAMATI
Tutapita kesho saa tatu asubuhi. Uwepo, na fundi wa Isevya naye aje atazame chesisi.