Mama mkubwa aliongezewa damu chafu Uingereza: watoto wake walioko Kenya wanaweza kudai fidia?

Mwana_wa_Butere:
Wanajukwaa, hamjambo? Naomba ushauri, na mwenye mzaha auweke kando kidogo.

Mama yangu mkubwa alikuwa nesi Birmingham. Mwaka 1983 alijifungua kifungua mimba, akavuja damu vibaya baada ya uzazi, akaongezewa. 1986 akapata wa pili, msichana. Baadaye akaanza kuchoka ovyo, macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Alifariki 2009, tukamsafirisha tukamzika Butere. Cheti cha kifo kinasema ini liliharibiwa na homa ya ini aina ya C. Kijijini walisema ni pombe. Mama wa kanisa ambaye hata busaa ya harusini alikuwa akiipita kando!

Binamu zangu walirudi Kenya zamani, kaka yuko Nakuru, dada yuko Kisumu. Sasa kuna jamaa mwenye ofisi ya ghorofani karibu na steji hapa Kisumu. Anasema Uingereza inalipa familia za watu kama mama mkubwa, na anataka 45,000 za "kufungua faili" pamoja na asilimia 30 ya kitakachotoka. Fomu yake nimeishika mkononi: imetolewa kopi hadi nembo haisomeki, na penye sahihi ya mdai tayari pamepigwa chapa jina lake yeye. Wajomba nao wameanza vikao vya kugawana.

Je, hiyo fidia ipo kweli? Haki ni ya nani? Na hospitali ilishasema mafaili ya miaka hiyo yaliteketezwa.

Omosh_Kondele:
Ukora mtupu. Tangu lini mzungu akakutafuta Kondele akupe pesa? Huyo mtu wa ghorofani hata kodi ya ofisi sidhani analipa.

Binti_wa_Leicester:
Omosh, wakala ni mkora lakini fidia ipo. Nipo huku na niliifuatilia kwa karibu.

Miaka ya 1970 hadi 1991 watu zaidi ya 30,000 Uingereza waliambukizwa virusi vya Ukimwi au homa ya ini kupitia damu na dawa zilizotengenezwa kwa damu. Zaidi ya 3,000 wamekufa. Baadhi walikuwa wagonjwa wa himofilia, yaani watu ambao damu yao haigandi vizuri, waliopewa dawa ya kugandisha damu iliyoagizwa Marekani, ambako damu ilinunuliwa hata kwa wafungwa. Wengine ni kina mama kama huyo wako, walioongezewa damu baada ya kuzaa. Tume ya Jaji Brian Langstaff ilitoa ripoti tarehe 20 Mei 2024 ikasema haya hayakuwa ajali, na ukweli ulifichwa. Waziri mkuu Rishi Sunak aliomba radhi bungeni siku hiyohiyo. Oktoba mwaka huo bajeti ikatenga pauni bilioni 11.8.

Anayelipa ni mamlaka ya serikali inayoitwa IBCA, yenye makao Newcastle. Kudai ni bure. Ukihitaji wakili, wana utaratibu wa kumgharimia wao wenyewe. Kwa hiyo anayekuomba 45,000 anakuuzia mlango ulio wazi.

Mwana_wa_Butere:
Asante sana dada. Lakini binamu hawaishi huko. Na haya mafaili?

Binti_wa_Leicester:
Kinachoangaliwa ni damu ilitiwa wapi na lini, si mnaishi wapi leo. Kwa aina ya C wanatazama hasa damu iliyotolewa kabla ya Septemba 1991, kwa sababu ndipo Uingereza ilipoanza kuipima. 1983 imo ndani.

Mafaili kupotea hakufungi dai. Wanapima kama inaelekea zaidi kuwa ilitokea kuliko kutotokea, na wanasaidia kutafuta ushahidi. Cheti cha kifo ni kikubwa. Tafuteni barua zozote za kliniki ya ini, na mtu aliyekuwepo 1983 aandike alichokiona. Wenzake wa wodini bado wapo?

Mwana_wa_Butere:
Yupo mmoja, amestaafu, tunaongea naye WhatsApp. Ndiye aliyemshikia mtoto siku ile damu ikitundikwa.

Binti_wa_Leicester:
Basi aandike leo, asingoje Krismasi.

Karani_wa_Korti:
Nichangie upande wa mirathi, maana hapo ndipo familia huumizana. Kuna madai mawili, msiyachanganye. La kwanza ni la marehemu mwenyewe, kwa mateso aliyoyapata. Hilo hudaiwa na msimamizi wa mirathi, na pesa zinaingia kwenye mali ya marehemu. La pili ni la kila mtoto kwa haki yake, kwa kuwa mama yake aliugua. Hilo halina mgawo wa mtu mwingine.

Kama hamkuwahi kuchukua hati ya usimamizi, binamu zako ndio waombe, si mjomba. Hati ya korti ya Kenya inaweza kupigwa muhuri upya na mahakama ya Uingereza ikatumika huko. Kaka na dada wa marehemu wanahesabiwa tu kama walikuwa chini ya miaka 18 na waliishi nyumba moja naye angalau miaka miwili akiwa na maambukizi. Wajomba zako mwaka 1983 walikuwa Butere wakichunga ng'ombe. Waambie kwa upole, lakini waambie.

Omosh_Kondele:
Hapo kwa "upole" ndipo kuna kazi. 😂

Nesi_Mstaafu_Kakamega:
Jamani, mnaongea pesa na mmeruka jambo. Yule msichana wa 1986 alizaliwa mama akiwa tayari na virusi. Mama mwenye aina ya C huweza kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito au kuzaa, takriban watoto 5 katika kila 100. Si wengi, lakini mtu hukaa nayo miaka 30 bila dalili. Aende apimwe wiki hii. Kipimo cha kwanza kinaonyesha kingamwili tu, yaani kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi ya virusi, kikiwa chanya aombe cha pili cha kuthibitisha virusi vyenyewe. Dawa za sasa ni vidonge vya wiki 8 hadi 12, na zaidi ya watu 95 katika 100 wanapona kabisa. Kaka wa Nakuru alizaliwa kabla ya mama kuongezewa damu, hofu kwake ni ndogo.

Binti_wa_Leicester:
Nesi umenena. Na akikutwa nayo, atadai kama mwenye maambukizi, kwani aliyeipata kutoka kwa mama yake naye anahesabiwa.

Mama_Tosh_Nyalenda:
Samahani kwa kuingilia. Mimi nalea wajukuu watatu, wazazi wao walienda na Ukimwi. Huku kwetu hakuna kitu kama hicho?

Karani_wa_Korti:
Fidia ya namna hiyo hapana, mama. Kilichopo ni Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi, na sehemu ya mayatima ilianza 2004 hasa kwa ajili ya familia kama yako. Nenda kwa chifu na ofisi ya watoto na vyeti vya vifo na vya kuzaliwa. Wakisema orodha imejaa, hakikisha majina yameandikwa ukiona.

Mwana_wa_Butere:
Nimempigia dada, kesho asubuhi anaenda kupimwa. Kaka ameanza kuuliza kuhusu hati kortini Nakuru. Yule wa ghorofani ametuma ujumbe eti bei imeshuka hadi 20,000.

Omosh_Kondele:
Mwambie tunangoja ifike sufuri.