Mwanya kwenye malema (mitego ya samaki): upana gani ili tewa na tafi wachanga watoke?

Pwani_Nyali: Salaam aleikum. Kusi ikiisha, kikundi chetu kitasuka malema mapya ya kutega ndani ya mwamba (kati ya ufuo na mwamba), Nyali hadi Bamburi (nje ya eneo lililofungwa kwa uvuvi, bila shaka). Twataka wachanga watoke, hasa yule tewa wa mabaka ya kahawia, *Epinephelus fuscoguttatus*, ambaye yumo kwenye orodha ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) ya walio hatarini. Mwanya uwe wa upana gani, na ukae wapi? Tafi wa kuuza hawatapotea?

FundiLema: Waalaikum salaam. Upana sentimita 3, urefu 30, usimame wima. Ukiulaza hautafaa kitu: samaki wengi wa mwambani ni wembamba ubavuni lakini wapana kutoka mgongo hadi tumbo.

Weka miwili kwenye kila lema, katika pembe zilizo mbali na mdomo, kwa sababu samaki aliyenaswa hufuata ukuta mpaka pembeni. Chini acha nafasi ya vidole vinne, la sivyo mchanga utauziba.

Makosa makubwa ni kuacha mwanya kwenye fito tupu. Fito hulegea majini, 3 inakuwa 5, na tafi wa sokoni wote wanakwenda. Pinda nondo ya milimita 6 iwe fremu, uifunge kwa waya, ncha zote zikitazama nje. Samaki aliyechubuka magamba akitoka hafiki mbali. Chonga kibao cha sentimita 3 na upimie kila mnapoinua lema.

BiMwanaidi: Tafi mkubwa atabaki. Watakaotoka ni tafi wadogo, kangaja wembamba na samaki vipepeo. Lakini hao wadogo ndio wanaonunuliwa na mama karanga (wanawake wanaokaanga samaki na kuuza), kwa hivyo wakalisheni kitako kabla ya kushusha malema. Wakishtukizwa, watanunua kwa wenye malema yasiyo na mwanya na kazi yenu itakuwa bure.

MwambaHai: Ndugu zangu, kwa tewa mwanya pekee hautoshi. Mwili wake ni wa mviringo, na huyo wa mabaka hupevuka akikaribia nusu mita. Mwanya wa 3 utatoa vitoto tu. Wa sentimita 35 atabaki ndani. Tena huanza maisha akiwa jike, wengine hugeuka dume wakishakuwa wakubwa, kwa hivyo mkimaliza wakubwa mmemaliza madume.

Huyo lazima arudishwe kwa mkono. Lowesha mikono, mshike chini ya tumbo, usiingize vidole kwenye mashavu (matamvua). Maji ya ndani ya mwamba ni mafupi, ataondoka mwenyewe. Akitoka kilindini, tumbo likamtokeza mdomoni, msilitoboe kamwe. Chukueni ndoana isiyo na jino, kamba ifungwe kwenye mpindo, chubwi (kizito cha kuzamishia) kwenye tundu, ncha itazame chini. Mtie kwenye mdomo wa chini, mshusheni hadi kina alichotoka, kisha vuta ghafla: ndoana itaachia.

Pwani_Nyali: Shukran sana. Na lema likipotea? Twafikiria kufunga mlango kwa kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) ili ioze, mlango ufunguke na samaki watoke.

FundiLema: Usumba hapana! Makumbi hufukiwa kwenye tope la bahari miezi kadhaa na nyuzi zinatoka nzima. Funga kwa katani nyembamba, uzi mmoja, na uibadilishe kabla haijakatika. Kwa malema ya waya hili ni la lazima, maana ya fito huoza yenyewe, ya waya huendelea kuua.