Mrejesho: kufikisha mashua ya tanga gatini bila injini, Bukavu

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kufikisha mashua ndogo ya tanga gatini bila injini hapa Ziwa Kivu. Nimefaulu, asanteni sana!

Aliyesema nisome upepo kwanza ndiye aliyeniokoa. Upepo ukitoka upande wa gati, naja kwa pembe, mwishoni nageuza omo (sehemu ya mbele ya mashua) kuukabili na kulegeza kamba ya tanga. Tanga linapepea, mwendo unakufa wenyewe. Ukitoka ziwani kusukuma ufukweni, nashusha tanga kubwa mapema, mbali na gati, naingia na tanga dogo la mbele tu. Kamba ya kwanza kufungwa gatini ni ya katikati ya mashua. Na mguu usiwekwe kamwe kati ya mashua na gati, tafadhali.

Mkiwa peke yenu, mawimbi yakiwepo, tanga mnalishushaje?