Albamu mpya ya wale jamaa: wimbo wa nne, dakika ya pili, sekunde ya 41. Nani aliwaruhusu?

Fundi_Cheche:

Wakuu, leo hakuna salamu. Hasira niliyonayo ukiiunganisha kwenye transfoma inawasha Dodoma nzima kuanzia Nkuhungu mpaka Mtumba, na chenji inabaki ya Kongwa na Mpwapwa.

Siwataji. Mnawajua. Wale wale wa metali, magitaa mazito na kunguruma. Kama umewahi kutembea na fulana nyeusi saa saba mchana kwenye jua la hapa mjini, mama mwenye nyumba akakuuliza kuna msiba wapi, basi unawajua.

Albamu imetoka usiku. Nikajiunga bando, nikaishusha yote, asubuhi nikaenda nayo karakana. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na magrili, huku Chang'ombe. Sabufa yangu nimeifunga ukutani kwa nondo kwa sababu ya hao hao jamaa, maana albamu yao ile ya zamani ilikuwa inaitembeza kutoka mezani mpaka mlangoni. Wateja walikuwa wanapokewa na sabufa.

Wimbo wa kwanza, sauti ya mwimbaji imesuguliwa na kompyuta mpaka inateleza. Mtu aliyekuwa ananguruma hadi unalihurumia koo lake, leo anatongoza. Nikavumilia. Wa pili, dramu kila pigo lina uzito ule ule, hakuna mkono wa binadamu pale. Nikavumilia. Wa tatu hata siukumbuki.

Sasa wa nne. Wa nne unaanza vizuri, ndiyo maana inauma! Magitaa mawili nyuzi zimeteremshwa chini kabisa, besi inakwaruza, pedali mbili za dramu zinafyatuka. Nikasema wamerudi. Nikamwambia kijana wangu wa kazi, dogo, wamerudi! Dakika ya pili ikafika, vyombo vikanyamaza, ikabaki besi peke yake. Toazi likagongwa mara nne. Mwimbaji akavuta pumzi, unamsikia kabisa anavuta. Kila mwenye akili timamu anajua hapo kinachokuja: brekidauni. Mwendo unakatwa nusu, magitaa na dramu vinatua pamoja, shingo inajiendesha yenyewe. Nimezima mashine. Nimevua miwani. Dogo amesogeza mtungi wa gesi pembeni kwa usalama wa raia.

Sekunde ya 41:

"Na-na-na, na-na-naaa."

Na kinanda. NA WANAALISHA VIDOLE, tak, tak.

Mtu amekualika pilau, amekufunulia sufuria mbele ya wageni, ndani kuna uji. Nimekaa chini kwenye vyuma vya moto na sikuhisi kitu.

Na wanaalisha vidole hao, wanajua huu muziki umetoka wapi? Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa kijana wa kiwanda cha bati huko Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili, mkono ule ule anaobania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyepesi, baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Ule uzito wote wa metali tunaoujua tangu 1970 kwa sehemu kubwa umetoka kwenye mkono wa fundi aliyeumia kazini. Yule alipiga akiwa na vidole pungufu. Nyinyi mnavyo kumi, mmevikusanya studio, mnaviALISHA!

Nataka kila mtu aende dakika ya pili, sekunde ya 41, asikilize, arudi hapa.

Bajaji_ya_Area_D:

Uzi tayari. Nimepaki, nimezima injini, endeleeni.

ChumaChakavu:

Mkuu Fundi nimetoka huko. Ni kweli. Nimesikiliza na hedifoni, kuna mtu anasema "yeah" kwa mbali, kidogo kabla ya na-na-na. Kwa mbali, upande wa kushoto. Nimeshindwa kula.

Na dramu umesema kweli. Kila pigo limepangwa kwenye mstari, limeongezwa nguvu, basi. Chukua Jane Doe, albamu ya bendi ya Converge ya 2001, uweke pembeni: gitaa linachubua ngozi, dramu unasikia mpaka chumba zilipopigiwa, mwimbaji wao Jacob Bannon humwelewi neno hata moja lakini unajua kabisa kilichompata. Hawa wapya naelewa kila neno na hakuna kilichowapata.

Mama_Zabibu:

Mleta mada ana familia kweli? Maana kwa kilio hiki nilidhani kafiwa. Baba, chomelea magrili ya watu.

Fundi_Cheche:

Dada yangu, nichomelee vipi wakati mkono unatetemeka? WaliVUTA PUMZI. Ungekuwa hujajiandaa isingeuma. Walituandaa wenyewe, toazi mara nne, halafu na-na-na.

Mhamiaji_wa_Serikali:

Mimi nilihamishwa na ofisi kutoka Dar nikaambiwa Dodoma ni mji wa utulivu. Kumbe kuna watu wanapiga kelele za wazungu mchana kweupe hadi sabufa zinatembea. Mwafrika gani analilia brekidauni?

Fundi_Cheche:

Kelele za wazungu? Bendi ya Bad Brains ni weusi watupu, Mararasta wa Washington. Mwanzoni mwa miaka ya 80 walikuwa wanapiga hadikoo, yaani panki iliyoongezwa hasira, kwa kasi ambayo wengine wote walikuwa wanaikimbiza kwa nyuma, halafu katikati ya albamu wanakupumzisha na rege, na rege yao ni rege kweli, si na-na-na. Duma je? Vijana wawili wa Nairobi, albamu yao ya 2020 imetolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukiisikiliza usiku lazima uwashe taa. Botswana huko mashabiki wa metali wanavaa ngozi nyeusi juu hadi chini kwenye joto la Kalahari na hawalalamiki. Mwafrika yupo humu tangu zamani. Kelele ni zetu, na tunataka zipigwe sawasawa.

Bajaji_ya_Area_D:

Mhamiaji kanyamaza. Abiria mwingine!

Mwenge_Mdogo:

Mnachosha. Bendi lazima ikue. Turnstile wa Baltimore 2021 walitoa albamu ya hadikoo imechanganyika na midundo laini, sauti nzuri ya kuimba, vinanda, na watu wakaipenda dunia nzima. Mnataka mtu apige kitu kile kile mpaka azeeke? Huyo mwimbaji wenu koo limechoka, ana haki ya kuimba.

Fundi_Cheche:

Turnstile hawajawahi kunivutia pumzi dakika ya pili halafu wakaniimbia chekechea! Wakitaka kuwa laini wanakwambia tangu mlangoni. Mimi sikatai mtu kuimba. Aimbe. Aimbe wimbo mzima, autungie na video ufukweni, mimi nitauruka tu. Lakini ukishusha nyuzi, ukanyamazisha vyombo, ukagonga toazi mara nne, umeahidi. Pale una deni. Hao wamekopa pumzi yangu sekunde ya 40 na sekunde ya 41 wameikana.

ChumaChakavu:

Umeahidi, una deni. Naandika hii ukutani.

Mzee_wa_Mvumi:

Mbukwenyi. Vijana, mimi hizo bendi zenu sizijui, mjukuu wangu ndiye amenisomea huu uzi. Nimemwambia anipigie huo wimbo. Nimesikia hicho kinyamazo mnachokilalamikia.

Nendeni tamasha la ngoma za Kigogo pale Chamwino, mkawasikilize akina mama wa muheme. Ngoma wameibana katikati ya mapaja, wanapiga mbio mpaka vumbi linapanda, halafu wananyamaza wote. Kimya. Wewe mtazamaji mguu umebaki hewani. Wakirudi, wanarudi wote kwa pigo moja, na huo mguu lazima utue. Hakuna aliyewafundisha kwa kompyuta. Marehemu Hukwe Zawose naye, mtoto wa huku kwetu, alikuwa na koo la namna yake: anaanza juu kabisa na sauti nyembamba, ghafla anashuka na kukoroma chini unadhani kaingia mtu mwingine. Alifariki 2003, ulaya walikuwa wameshamrekodi na zeze lake na ilimba yake ya kupigwa kwa vidole gumba, nyinyi mko hapa mnalilia watu wa mbali.

Fundi_Cheche:

Shikamoo mzee wangu. Umenisemea maneno yaliyokuwa yamenikaa hapa kooni tangu asubuhi. Hebu niulize: akina mama wa muheme wangenyamaza vile, mguu wako uko hewani, halafu wakaweka ngoma chini wakaalisha vidole. Ungefanyaje?

Mzee_wa_Mvumi:

Marahaba. Ningeomba nauli yangu.

Fundi_Cheche:

WAKUU MMEMSIKIA MZEE.

Na ndiyo maana bendi ya Sepultura ya Brazil, walipotaka kubadilika kwa albamu yao ya 1996, walienda kijijini kwa Waxavante, wenyeji wa asili wa huko, wakarekodi nao ngoma na nyimbo pale pale. Uzito ukaongezeka! Mtu anaweza kubadilika akaenda kwenye uzito zaidi. Kuna ngoma duniani zinamsubiri. Yeye kaenda kwenye vidole.

Bongo_Fleva_Damu:

Nyie wa metali mna nafuu. Mmeharibiwa sekunde moja. Sisi tumeharibiwa miaka. Kila wimbo mpya wa Bongo Fleva ni amapiano, ile besi ya Sauzi inadunda tuu tuu, msanii anatamka maneno manne, video imeisha. Tulikuwa na mashairi nchi hii. Mtu alikuwa anakuelezea kisa kuanzia anatoka nyumbani mpaka anaachwa, na jina la daladala unalijua.

Mama_Zabibu:

Hapo umenigusa. Siku hizi wimbo wa harusi ukipigwa sijui kama ni wa kuingia bibi harusi au wa kubeba viti.

Sisso_Wangu:

Amapiano inalala. Sikilizeni singeli. Inapita mapigo 200 kwa dakika bila wasiwasi, mtoto wa uswahilini na kompyuta moja chakavu, na hao wenye pedali mbili wanabaki Morogoro wanatafuta maji ya kunywa. Hakuna kinyamazo, hakuna kuvuta pumzi, hakuna anayekuahidi kitu. Fundi hamia huku, hutaumizwa.

Fundi_Cheche:

Singeli naiheshimu. Lakini turudini kwenye mada. Nimeisikiliza tena sasa hivi ili nione kama ilikuwa hasira tu. Si hasira. Kinanda kinaingia KABLA ya vidole. Yaani walikaa kikao wakapanga nani aanze.

Jirani_wa_Baa:

Kwa kuwa tunazungumzia kelele: kuna baa hapa Ipagala imefunguliwa ukutani kwangu. Ukutani, si karibu. Spika mbili zinaangalia dirisha la watoto. Singeli hiyo hiyo unayoisifia Sisso_Wangu, saa tisa usiku. Watoto wangu hawajui wimbo wa taifa ila wanajua hodi ya DJ.

Sisso_Wangu:

Hama.

Jirani_wa_Baa:

Nihamie wapi? Umesikia bei za nyumba Dodoma tangu wakubwa wahamie? Chumba kimoja na choo cha nje, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na anakuuliza unafanya kazi wizara gani.

Mhamiaji_wa_Serikali:

Msitusingizie. Sisi wenyewe tunapanga. Mimi nimelipa miezi sita na maji yanatoka mara moja kwa wiki, usiku wa manane, yakiwa na rangi ya chai.

Mama_Zabibu:

Chai ya rangi au ya maziwa?

Mhamiaji_wa_Serikali:

Dada, usinichokoze.

Fundi_Cheche:

Wasimamizi naomba uzi ubaki kwenye mstari. Dakika ya pili. Sekunde ya 41. Kuna mtu mwingine amesikia ile "yeah" aliyoisema ChumaChakavu? Nimeipata. Iko kushoto kweli. Nimeumia upya.

Swaswa_Mpya:

Samahani nimechelewa, sijasoma kurasa zote. Mleta mada amesema ni fundi wa mageti Chang'ombe? Geti la mita tatu na nusu, la kusukuma, lenye mlango mdogo, linakwenda shilingi ngapi kwa sasa?

Jirani_wa_Baa:

Usithubutu. Mafundi wa Chang'ombe hao! Kuna mmoja kachukua advansi yangu, akasema Jumamosi. Jumamosi zimepita mpaka nimeacha kuuliza. Nikimpigia nasikia gitaa linanguruma, ananiambia "mkuu nipo juu ya kazi yako".

Bajaji_ya_Area_D:

Eeeh! Fundi njoo hapa mara moja.

Fundi_Cheche:

Siyo mimi. Mimi kazi za watu natoa siku niliyosema, waulize wateja wangu wote mtaa mzima. Chang'ombe ina mafundi wengi, na hata huyo kama anasikiliza gitaa akiwa kazini, basi tatizo lake ni uvivu, gitaa halina kosa.

Mama_Zabibu:

Mafundi wote ni ukoo mmoja. Wa kwangu wa masofa aliniambia kitambaa kiko njiani kinatoka Kariakoo. Kinakuja kwa miguu?

ChumaChakavu:

Wa kwangu alipaka geti rangi bila ya kuzuia kutu. Mvua za Januari tu, geti likawa na madoadoa.

Swaswa_Mpya:

Sasa ile rangi ya kuzuia kutu mnapaka mkono mmoja au miwili? Na bomba la inchi mbili linatosha nguzo au nitafute la tatu? Huku Swaswa upepo ni mkali.

Jirani_wa_Baa:

La tatu. Na usitoe advansi.